Mashini hii inakula nini? Somo juu ya nguvu na nishati



Katika barua hii tunazoea kuandika juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo tunaandika juu ya fizike, lile somo ambalo wengi wetu tulilikimbia ku masomo. Sababu yake ni feza: feza ya koperative moja upande wa Kanyabayonga, ambayo ilibaki kidogo sana ipotee.

Ilikuwa hivi. Mufanya biashara mumoja alileta mashini ya kusaga mahindi. Alisema haiombi mazutu, haiombi esanse, haiombi umeme. Ilikuwa na gurudumu la chuma, zito, karibu kilo 80, pamoja na magurudumu madogo ya meno. Vijana wawili walizungusha mukono wake karibu nusu dakika, wakaacha. Gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, dakika moja, mbili, tatu. Watu wakapiga makofi. Bei: dola 1 800. Sanduku la koperative lilikuwa na dola 2 100 za mauzo ya maharagi, na mazutu ilikuwa imepanda bei juu barabara ilikuwa mubaya. Munaona vile shauri lilikuwa tamu.

Mimi nilikuwa pale, mutu wa masomo, na sikupata jibu mara moja. Nilijua kuna kitu hakiendi, lakini nilianza kusema maneno ya shule ambayo hakuna mutu aliyafuata. Njo mama mwenye kushika sanduku akauliza: « Papa, hii mashini inakula nini? » Mwenye kuuza akajibu: « Mama, inakula nguvu yake yenyewe. » Mama akasema: « Basi tia mahindi. »

Tangu asubui gurudumu lilikuwa linazunguka bure, bila kusaga kitu. Wakaleta kikombe kimoja cha mahindi. Gurudumu likalia, likasimama. Mahindi mengi yakabaki mazima.

Swali la yule mama ni swali la fizike kabisa. Tutalifuata pole pole, na mafumbo ambayo munaweza kujaribu ninyi wenyewe.

Neno moja, vitu viwili

Shida inaanza ku luga yetu. Tunasema « nguvu » kwa mambo mengi. Kijana anayeinua gunia iko na nguvu. Fufu inaleta nguvu. Batri imeisha nguvu. Lakini ndani ya neno hili kuna vitu viwili, na mwenye kuuza mashini anapita katikati yao.

Kitu cha kwanza ni nguvu yenyewe: kusukuma, kuvuta, kugandamiza. Kitu cha pili ni nishati. Nishati iko kama feza: inahesabiwa, inatumika, inatoka fasi moja na kuingia fasi ingine. Nguvu inaleta nishati tu wakati kitu kinatembea kwa upande ule inasukuma. Ukitaka hesabu, zidisha nguvu mara mwendo.

Kipimo chake ni jouli. Kuinua kilo 1 kwa metre 1 ni karibu jouli 10. (Wanafunzi wataniambia ni 9,8. Wako na haki, lakini tuache 10 tupate kuhesabu kwa kichwa.) Basi gunia la kilo 50 ukilipandisha metre 1 umelipa jouli 500.

Fumbo la kwanza: Papa mumoja anashika gunia la kilo 50 kwa bega saa nzima, bila kutembea. Meza nayo inabeba gunia sawasawa na lile. Nani ametumia nishati mingi kwa gunia?

Gunia halikupanda, kwa hiyo gunia halikupata hata jouli moja, si kwa Papa, si kwa meza. Meza inaweza kulibeba mpaka mwaka ujao na haitaomba chakula. Lakini Papa amechoka kweli, anatoka jasho, iko na njaa. Nishati yake ilienda wapi? Ilibaki ndani ya mwili wake: nyama ya bega inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, mara nyingi sana bila sisi kuona, na ile yote inageuka joto. Tena hapa kuna faida ya bure kwa koperative: kila fasi watu wanangojea na muzigo begani, fasi ya kupima uzito ao mbele ya depo, jengeni meza ya mbao yenye kimo cha kifua. Haitakula kitu.

Ubao wa kupakia Fuso

Fumbo la pili munalijua kwa mikono. Pipa la kilo 200 liko chini, sanduku la Fuso liko kimo cha metre 1. Watu wawili hawawezi kulinyanyua. Wanaleta ubao wa metre 4, wanaliviringisha polepole, linapanda. Ubao umewapa nini?

Kunyanyua moja kwa moja: kilo 200 mara metre 1. Kwa ubao: wanasukuma kwa nguvu ya kilo 50 tu, lakini kwa metre 4. Kilo 50 mara metre 4 ni 200. Ni hesabu ileile! Jouli 2 000 kwa njia ya kwanza, jouli 2 000 kwa njia ya pili, na tena kidogo zaidi juu pipa linasugua ubao.

Kwa hiyo ubao ulipunguza nguvu. Nishati haukuipunguza hata kidogo. Ulichookoa kwa kusukuma, umelipa kwa mwendo.

Puli nayo ni vilevile. Ukifunga puli moja juu na ingine kwa muzigo, utavuta nusu ya uzito, lakini kamba mikononi mwako itapita metre 2 kwa kila metre 1 muzigo unapanda. Baramini chini ya jiwe ni vilevile: mukono wako unashuka sana, jiwe linapanda kidogo. Na magurudumu ya meno, yale yaliyotushangaza ku ile mashini, nayo ni vilevile: yanaongeza nguvu na kupunguza mwendo, ao yanaongeza mwendo na kupunguza nguvu. Hayajawahi kuongeza yote mawili.

Wenye kuchora barabara walijua hesabu hii. Mutu anayetoka Goma, akipita Rutshuru na uwanda wa Rwindi, anapanda mulima wa Kabasha kwa kona kona mpaka Kanyabayonga. Kwa nini hawakukata barabara moja kwa moja? Kimo ni kilekile, na nishati ya kupandisha Fuso yenye muzigo haipungui kwa kona. Lakini motere haiko na nguvu ya kuisukuma moja kwa moja juu, na tairi zingeteleza. Kona zinagawa ile kazi kubwa kwa mwendo murefu.

Basi ninyi wenye kubishana kila mwaka juu ya njia fupi na njia ndefu ya kutoa mavuno bondeni, sikieni. Tuseme mulima wenu uko na kimo cha metre 100. Mutu wa kilo 60 na gunia la kilo 50 ni kilo 110. Kuwapandisha ni jouli 110 000, kwa njia fupi ao ndefu. Mwili wetu haugeuzi chakula chote kuwa kazi. Karibu robo moja tu inafika ku misuli, ingine inakuwa joto. Kwa hiyo inaomba jouli 440 000 za chakula. Unga wa muhogo unatoa karibu jouli 15 000 kwa grami moja. Gawanyeni: grami 30 hivi. Vijiko vitatu ao vinne vya unga vinapandisha mutu na gunia mulima mzima!

Wazee watakataa: « Vijiko vitatu? Mbona nafika juu nimekufa? » Wako na haki vilevile. Kuchoka si nishati tu. Ku njia kali, kila hatua inaomba paja litoe nguvu karibu na mwisho wake, na misuli ikifika pale inalegea haraka, hata kama tumbo limejaa. Ku njia ndefu kila hatua ni nyepesi, lakini hatua ni nyingi, na kila hatua inakula kidogo. Mimi kwa maoni yangu: kwa chukudu na kwa mutu mwenye muzigo munene, fanyeni njia ya kona kona. Kwa mutoto anayepeleka chakula shambani, muache apite njia fupi.

Tuhesabu ile mashini

Sasa tuko na vyombo vya kumujibu mwenye kuuza.

Mashini ndogo ya kusaga ya kijiji inaomba motere ya karibu kilowati 5, ni kusema farasi 7 hivi. Kilowati 5 maana yake jouli 5 000 kila sekonde. Kila sekonde!

Lile gurudumu la kilo 80, likizunguka mara 3 kwa sekonde, chuma cha pembeni kinakimbia karibu metre 7 na nusu kwa sekonde. Nishati ya kitu kinachokimbia ni nusu ya kilo zake mara mwendo mara mwendo. Nusu ya 80 ni 40, mara 7,5, mara 7,5 tena: jouli 2 250. Ile yote ilitoka ku mikono ya wale vijana wawili. Gurudumu liliiweka tu, kama sanduku linavyoweka feza. Na bila mahindi, hakuna wa kuitumia isipokuwa hewa na msuguano kidogo, ndiyo sababu lilizunguka dakika tatu na kudanganya macho yetu. Lakini kusaga kunaomba 5 000 kwa sekonde. Lenye 2 250 linamalizika kabla ya nusu sekonde.

Na kama watu wangekanyaga pedali bila kuacha? Mutu muzima mwenye afya anaweza kutoa karibu wati 100 kwa muda murefu. Kilowati 5 ni watu 50, wanakanyaga pamoja bila kupumzika. Litre moja ya mazutu iko na jouli karibu milioni 36. Motere ndogo inageuza karibu robo kuwa kazi, milioni 9. Kusaga saa moja kunaomba milioni 18. Kwa hiyo litre 2. Watu 50 saa nzima, ao litre 2 za mazutu: hapo munaelewa kwa nini mazutu iko na bei, na kwa nini hakuna mutu atakuuzia kazi yake bure.

Sisemi mashini isiyo na mazutu haiko. Iko. Kwa mufano Matebe, upande wa Rutshuru, maji ya muto yanazungusha mitambo ya umeme tangu mwisho wa mwaka 2015. Pale chakula ni maji yanayoanguka: kila litre ya maji ikishuka metre 10 inatoa jouli 100. Unaweza kuona muto, unaweza kupima litre ngapi zinapita na kimo cha metre ngapi. Jua nalo linakulisha kwa sahani zake. Ukionyeshwa mashini, tafuta mahali chakula kinapoingia. Usipopaona, omba watie mahindi, na ungoje dakika kumi.

Gunia la viazi linaloanguka

Gunia la viazi la kilo 50 linaangushwa toka Fuso, kimo cha metre 1 na santimetre 20. Nishati yake ikifika chini ni jouli 600. Hapo hatuna la kuchagua. Lakini nguvu inayopiga viazi, ile tunaweza kuichagua.

Likianguka ku mawe, linasimama ndani ya santimetre 2. Jouli 600 kwa mwendo mudogo vile: nguvu yake ni kama uzito wa tani 3. Likianguka ku mupira wa zamani wa gari wenye majani makavu juu yake, linasimama ndani ya santimetre 20. Nguvu ni kama kilo 300 tu. Nishati ileile, nguvu mara kumi chini. Viazi vya gunia la kwanza havitaonyesha kidonda siku ile. Vitaonyesha ku depo baada ya juma mbili, wakati harufu inaanza, na munauziwa maneno kwamba mbegu ilikuwa mubaya. Avoka na nyanya ni zaidi. Mupira wa zamani hauna bei kubwa. Uwekeni leo.

Nyundo inafanya kinyume: inakusanya nishati ya mukono kwa metre moja, inaitoa kwa milimetre tano ya musumari. Ndiyo sababu nyundo ya kilo moja inafanya kile jiwe la kilo hamsini likiwekwa polepole juu ya musumari haliwezi.

Kushuka

Hapa ninaomba vijana wenye chukudu wasome wao wenyewe, ao wasomewe.

Tunasema kushuka ni bure. Ni kweli kwa mapaja, si kweli kwa freni. Chukudu na mwenye nayo na muzigo, tuseme kilo 400, ikishuka kimo cha metre 100, inatoa jouli 400 000. Nishati haipotei. Kama chukudu inafika chini ikiwa imesimama, zile 400 000 zote ziliingia fasi fulani.

Wapi? Jibu lilipimwa na Muingereza mumoja, James Prescott Joule, mwana wa mutengeneza bia, katika miaka ya 1840. Alifunga uzito kwa kamba, uzito ukashuka, ukazungusha vibao ndani ya maji, na yeye akapima vile maji yalipata joto kidogo, kidogo sana. Aliona kwamba kazi ile ile inaleta joto lile lile kila mara. Ndiyo sababu jina lake limekuwa kipimo chetu.

Kuongeza joto la litre 1 ya maji kwa digri 1 inaomba karibu jouli 4 200. Kuitoa digri 20 mpaka ichemke, digri 100, ni jouli 336 000. Kwa hiyo ile chukudu, kwa metre 100 za kushuka tu, ingeweza kuchemsha litre nzima ya maji na ingebakiza. Joto lile lote linaingia ku kile kipande kidogo cha mupira kinachogandamiza gurudumu la nyuma, ku mbao na ku kisigino cha kiatu. Munashangaa bado kwa nini kinatoa moshi? Mupira ukipata joto sana unalainika, unateleza, na hapo freni hakuna.

Tena mwendo una deni lake. Mukiongeza mwendo mara mbili, nishati inaongezeka mara nne. Mara tatu, inakuwa mara tisa. Kijana anayeachilia chukudu ikimbie halafu afunge freni karibu na kona anaiomba freni ilipe deni la mulima mzima kwa sekonde chache. Anayeshika mwendo mudogo tangu juu analipa deni lilelile, lakini kidogo kidogo, na upepo unapoza mupira njiani. Fanyeni hivi: mupakie kidogo kwa safari ya kushuka kali, musimame katikati ya mulima, muguse kile kipande cha freni kwa mate. Mate yakilia, mungoje. Na ba-mama wanaouza kando ya njia, musiweke meza zenu chini kabisa ya mutelemko, mbele ya kona.

Mvua nayo inashuka

Nimesema mengi juu ya mashini, lakini kazi yangu ni udongo, kwa hiyo sitaacha bila kuonyesha hii.

Shamba la metre 50 kwa metre 50. Mvua moja nzuri ya milimetre 20 inamwaga juu yake litre 50 000, tani 50 za maji. Tuseme nusu inaingia udongoni na nusu inatiririka, na shamba linashuka kimo cha metre 10. Litre 25 000 mara 100: jouli milioni 2 na nusu. Ni kazi ya ile mashini ya kilowati 5 kwa dakika nane, lakini inasaga udongo wenu, si mahindi.

Hatuwezi kuzuia maji kushuka. Tunaweza kuchagua ayatumie wapi nishati yake. Maji yanayokimbia bila kizuizi toka juu mpaka chini yanaongeza mwendo, na munakumbuka: mwendo mara mbili, nishati mara nne. Hapo yanakata mifereji. Mukichimba mitaro ya kupita upande, ku musitari wa usawa, na kupanda majani ya tembo ku ukingo wake, kila mutaro unasimamisha maji, na yanaanza tena polepole kama yametoka juu. Hesabu ni ileile ya chukudu inayosimama katikati ya mulima. Majani makavu juu ya udongo yanafanya kazi ya mupira wa zamani chini ya gunia: tone la mvua linasimama polepole, halipasui udongo.

Yule mama mwenye sanduku ameomba dola 60 zitoke kwa kununua majembe ya mitaro na miche. Mukutano haujakubali bado. Wengine wanasema mitaro inakula shamba.

Fumbo la mukutano ujao

Mutu wa kilo 60 amekaa ku kiti kilichofungwa kamba. Kamba inapita juu ya puli iliyofungwa ku tawi, na ncha yake ingine iko mukononi mwake mwenyewe. Anataka kujiinua. Avute kwa nguvu ya kilo ngapi? Na akipanda metre 1, ni metre ngapi za kamba zitapita mikononi mwake? Jaribuni ku tawi nguvu, kiti kikiwa nusu metre toka chini, si juu ya kisima. Andikeni jibu kabla ya kujaribu, halafu muandike mulichoona, muwape wajumbe wenu wa koperative. Tutayasoma yote.